Mashine ilisema 1,790, kisha 1,365: nimeuharibu mwili wangu?

SWALI: Dada mshauri, habari za kazi. Nina miaka 38 na urefu wa sentimita 162. Miezi minne iliyopita nilikuwa na kilo 77, nikaamua kupunguza. Mwalimu wangu wa mazoezi akanishauri nianze kwa kupima nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Nilipimiwa palepale kwenye ukumbi wa mazoezi, saa tisa alasiri. Nilikuwa nimetoka kazini, nimekula mchana, nimekunywa kahawa, na nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Mashine ikasema kalori 1,790 kwa siku, nikafurahi sana. Mwalimu akasema nisivuke kalori 1,000, na najitahidi, isipokuwa mwisho wa wiki njaa hunizidi. Sasa nina kilo 74 na mwezi mzima sijashuka hata kidogo. Nikaenda kupimwa tena, safari hii kwenye kliniki, asubuhi kabla ya kula. Mashine ikasema 1,365. Nilitoka pale nalia. Kalori 425 zimepotea kwa miezi minne! Mwalimu anasema umetaboli wangu, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, umelala, kwa hiyo nishuke hadi 800. Nimeambatanisha picha za karatasi zote mbili. Je, nimeuharibu mwili wangu? Na je, nishuke?
Niliyekwama kwenye 74

JIBU: Mdogo wangu, usishuke hadi 800. Nalitanguliza hilo kwa sababu nisingependa ulale leo hujalisoma. Mlo wa kiwango hicho hutolewa kwa watu wachache, kwa sababu maalumu, na daktari huwa karibu akiwachunguza damu. Haitolewi kwa sababu uzito umesimama mwezi mmoja.

Na hapana, hujauharibu mwili wako. Nimezitandaza karatasi zako mezani jana usiku, nikazisoma zaidi ya mara moja. Hazisemi kile ulichoambiwa kwamba zinasema.

Karatasi ya kwanza inaonyesha kipimo kilichochukua dakika nane. Ya pili inaonyesha dakika ishirini. Shuka chini kidogo, kwenye mstari ambao watu hawausomi, wenye herufi RQ. Huo ni uwiano wa hewa ukaa uliyoitoa kwa oksijeni uliyoitumia. Mwili unapochoma wanga peke yake, uwiano huwa 1.0, unapochoma mafuta peke yake, hushuka hadi karibu 0.7. Karatasi ya alasiri imeandikwa 0.97. Ya asubuhi, 0.79. Yaani karatasi yenyewe inatoa ushahidi: saa tisa ile mwili wako ulikuwa bado unashughulikia chakula cha mchana, na asubuhi ile ulikuwa umefunga kweli, unaishi kwa akiba yake. Aliyekupima mara ya kwanza alikuwa na mstari huo mbele ya macho yake. Angeutazama, angekuambia urudi siku nyingine, usingelia kliniki miezi minne baadaye.

Ngoja nikueleze mashine inafanya nini, maana nadhani hakuna aliyekueleza. Haipimi joto lako wala haioni mafuta yako. Inapima pumzi tu. Mwanasayansi Mfaransa Antoine Lavoisier, pamoja na mwenzake Laplace, walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mnyama yule na kuilinganisha na hewa aliyoipumua. Wakaona kwamba kupumua ni aina ya uchomaji, kama mshumaa unavyowaka polepole. Mashine zetu bado zinasimama juu ya wazo hilo. Kila lita ya oksijeni unayoitumia hutoa karibu kalori 5, na kanuni ya kugeuza hewa kuwa kalori ambayo mashine nyingi huitumia iliandikwa na mwanasayansi Weir mwaka 1949. Asubuhi ile kliniki, 1,365 ilitokana na kitu kidogo sana: ulikuwa unatumia kama mililita 197 za oksijeni kwa dakika. Hata glasi haijai.

Sasa fikiria jinsi kiasi hicho kidogo kinavyoweza kuvurugwa. Nimekaa kando ya mashine ya namna hii miaka kumi na moja, karibu kila asubuhi. Mtu analala chali, namfunika kichwa kwa kuba la plastiki angavu, bomba linavuta hewa taratibu, nami nakaa kimya na kutazama kioo. Wiki iliyopita nilimpima mama mmoja. Dakika ya kwanza oksijeni ilisoma 290. Ya tatu, 251. Ya tano, 222. Ya nane, 204. Hakuwa amefanya lolote isipokuwa kulala na kuacha mabega yashuke. Kuanzia dakika ya kumi namba zikatulia kati ya 198 na 201, zikakaa hapohapo kama maji mtungini. Kisha simu yake ikatetema ndani ya mkoba uliokuwa sakafuni. Hakujigusa, hakugeuza shingo, nadhani aliwaza tu ni nani anayempigia. Namba ikaruka hadi 230. Ilichukua dakika mbili nzima kurudi chini.

Hiyo ni simu moja. Wewe ulikuja na ngazi za ghorofa tatu, kahawa, chakula cha mchana na uchovu wa kazi, ukapimwa dakika nane. Dakika tano za kwanza huwa tunazitupa hata kwa mtu aliyejiandaa vizuri. Kilichobaki kwako ni dakika tatu za mwili unaohema na kumeng'enya. Ile 1,790 ilikuwa namba ya kweli ya jambo jingine: ilipima mwili wako ukiwa kazini. Haikuwa nishati ya mapumziko.

Unaweza kuihakiki mwenyewe kwa kalamu. Kuna kanuni iliyotolewa na Mifflin na St Jeor mwaka 1990. Kwa mwanamke, zidisha kilo zako mara 10, jumlisha sentimita zako mara 6.25, toa miaka yako mara 5, kisha toa 161. Ulipokuwa na kilo 77, kanuni ingekupa 1,431. Mashine ya ukumbini ikasema 1,790, yaani robo nzima juu. Kwa kilo 74 kanuni inatoa 1,401. Kliniki imesema 1,365. Tofauti ni kalori 36 hivi, na mtu yuleyule akipimwa kwa uangalifu siku mbili zinazofuatana anaweza kupishana kwa asilimia 3 hadi 5. Kwa hiyo huna umetaboli uliolala. Una umetaboli wa mwanamke wa umri wako na umbo lako, na hiyo ni habari njema ambayo ilistahili kukufikia bila machozi.

Siwezi kukuambia kwamba mwili haupunguzi matumizi yake kabisa unapojinyima. Hupunguza. Mwaka 1944 hadi 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwalisha vijana 36 nusu njaa kwa miezi sita, na nishati yao ya mapumziko ikashuka karibu asilimia 40. Mwaka 2016 ukachapishwa uchunguzi wa watu 14 waliowahi kushiriki shindano la runinga la kupunguza uzito: miaka sita baada ya shindano, miili yao ilitumia kwa wastani kalori 500 pungufu ya zilizotarajiwa. Ndiyo habari zinazosambaa na kuwatisha watu. Lakini vijana wale walikonda hadi mbavu zikahesabika, na washindani wale walikuwa wamepoteza kwa wastani zaidi ya kilo 50. Wewe umepoteza tatu. Kilo tatu haziwezi kuondoka na kalori 425.

Sasa tuje kwenye lile ambalo naona ndilo lililokukwamisha.

Namba ya mapumziko si namba ya kula. Ni gharama ya kuwa hai ukiwa umelala, hujanyanyua hata mkono. Moyo, figo, ini na ubongo ndio walaji wakubwa hapo. Juu yake ongeza kusimama, kutembea, kuoga, kufikiri kazini, kumeng'enya chakula. Kwa mtu wa kazi ya kukaa, tunazidisha mara 1.4 hivi. Yako inakuja kama 1,910 kwa siku.

Ungekuwa unakula 1,000 kila siku kwa miezi minne, ungekuwa na upungufu wa kalori 900 kila siku. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama kalori 7,700. Kwa hesabu hiyo ungepungua zaidi ya kilo kumi. Umepungua tatu. Kilo tatu kwa siku 120 ni upungufu wa kalori 190 tu kwa siku. Maana yake, mwili wako unashuhudia kwamba kwa wastani umekula kama 1,700.

Tafadhali usisome hapo kwamba nakuita mwongo. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha uchunguzi wa watu kumi waliolalamika kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Walipopimwa, nishati yao ya mapumziko ilikuwa ya kawaida kabisa. Lakini walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoandika. Nimekaa na watu wa namna hiyo mara nyingi, na siamini kwamba wanadanganya. Mtu anayekula 1,000 siku tano anakuwa na njaa ya kweli. Siku ya sita njaa ile inadai deni lake, na mkono unaokwenda jikoni usiku haushiki kalamu. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mwisho wa wiki njaa hukuzidi. Sentensi hiyo uliipitisha haraka katikati ya barua kama kosa la kuungama. Mimi naiona ndiyo sentensi muhimu kuliko zote. Siku tano za kujinyima zinazaa siku mbili za kufidia, na wastani unarudi palepale.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uongeze chakula. Kula 1,500, Jumatatu hadi Jumapili, siku zote saba ziwe sawa. Hiyo inaacha upungufu wa kalori 400 hivi, sawa na theluthi moja ya kilo au zaidi kidogo kila wiki, ambayo ni kasi kubwa kuliko uliyokuwa nayo ukijitesa. Ongeza protini katika kila mlo, kwa kuwa hushibisha kwa muda mrefu na husaidia kulinda misuli wakati unapungua. Wiki moja au mbili za kwanza mizani inaweza hata kupanda, kwa sababu mwili uliokuwa na wanga kidogo ukipewa wanga huhifadhi maji pamoja nao. Usiogope, na usikate chakula siku hiyo. Pima uzito kila asubuhi, andika, tafuta wastani wa wiki, linganisha wastani kwa wastani. Siku kadhaa kabla ya hedhi usizitilie maanani sana.

Nina sababu ya kuandika haya kwa moyo mzito. Nilipokuwa mwanafunzi wa miaka 22, mwenye kilo 55, nilipimwa mahali fulani kwa barakoa ambayo haikunikaa vizuri; nakumbuka nilikuwa nahisi upepo wa pumzi yangu mwenyewe ukinipuliza shavuni. Hewa iliyokuwa inavuja haikuhesabiwa. Nikaambiwa 980. Nikaamini kwamba mwili wangu ni mvivu kuzaliwa, nikala kulingana na namba ile miezi mitano, hadi nikaanguka kwenye ngazi za bweni, nikiwa na vitabu mikononi, na nywele zikawa zinabaki kwenye chanuo kila asubuhi. Miaka miwili baadaye nilijipima mwenyewe kwa kuba, nimefunga, nimelala nusu saa. Ikatoka 1,290. Nililia kama wewe, ila kwa hasira. Tangu siku hiyo, kila ninayemfunika kuba namuuliza kwanza kama anahisi upepo popote.

Mwonyeshe mwalimu wako barua hii. Ninaamini anakutakia mema. Hakufundishwa kuisoma karatasi ile. Na ukiona hedhi imekoma, au kizunguzungu kinakushika, nenda kwa daktari kabla ya kufikiria kalori yoyote.

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 29, kilo 84, sentimita 178. Nabeba vyuma mara nne kwa wiki, nataka kuongeza misuli bila tumbo. Programu ya simu inaniambia nishati yangu ya mapumziko ni 1,812. Saa ya mkononi inasema 2,240. Ile mizani ya ukumbini yenye vibati vya kushika mikononi inasema 1,930. Nani anasema kweli, na je, niende kwenye mashine ya pumzi? Halafu nikiongeza kilo tano za misuli, umetaboli utapanda kiasi gani?
Mbeba vyuma

JIBU: Marahaba mwanangu. Wote watatu wanakisia, hakuna aliyekupima. Simu imetumia kanuni ileile niliyomwandikia dada yako hapo juu (kwa mwanamume, badala ya kutoa 161 unajumlisha 5). Mizani imepitisha umeme mdogo mwilini, ikakisia misuli na mafuta, kisha ikakisia kalori juu ya makisio hayo. Saa imehesabu mapigo ya moyo na mitikisiko ya mkono, na sioni ajabu kama imechanganya mapumziko na kutembeatembea kwako. Hakuna kati yao aliyeonja pumzi yako.

Hata hivyo, sikushauri ukimbilie mashine. Kanuni ya mwaka 1990 ilitokana na vipimo vya watu 498, na kwa watu wengi wazima wenye afya huangukia ndani ya asilimia 10 ya kipimo halisi. Kwako asilimia 10 ni kalori 181. Jambo unalolihitaji ni jumla ya matumizi yako ya siku nzima, na hiyo mashine yangu haiioni, kwa sababu haikufuati ukumbini. Mwili wako wenyewe unaweza kukuambia. Kwa wiki tatu andika kila unachokula, ukipima kwa mizani ya jikoni, na ujipime uzito kila asubuhi. Tuseme umekula wastani wa 2,600 na wastani wa uzito unashuka robo kilo kila wiki. Robo kilo ni kama kalori 1,925, gawa kwa siku saba, ni 275. Basi unatumia kama 2,875 kwa siku. Ukitaka kujenga misuli, kula juu yake kidogo, kalori 200 au 300, urudie hesabu baada ya mwezi. Hakuna saa itakayokupa namba bora kuliko hiyo.

Kuhusu kilo tano za misuli, najua vijana wengi wameahidiwa makubwa. Kilo moja ya misuli iliyopumzika hutumia kama kalori 13 kwa siku. Ya mafuta, kama 4.5. Kilo moja ya ini hutumia kama 200, ya ubongo kama 240, ya moyo au figo kama 440. Kwa hiyo kilo tano mpya za misuli zitakuletea kalori 65 ukiwa umelala. Ni kidogo, nami nakuambia waziwazi ili usije ukakata tamaa baadaye. Faida kubwa ya misuli hiyo iko kwenye kazi unayoifanya unapoibeba, na kwenye afya ya mifupa na sukari ya damu miaka thelathini ijayo. Endelea nayo.

Ningekuambia uje kwenye mashine kama ungekuwa umepungua kilo nyingi sana, au ungekuwa na misuli ya mshindani wa kunyanyua uzito, au umeumia uti wa mgongo, au uko kwenye ugonjwa unaobadilisha mwili. Watu hao kanuni huwakosea sana. Mahali ambapo mashine hii huokoa kweli ni chumba cha wagonjwa mahututi, ambako mtu hawezi kusema ana njaa au ameshiba. Homa peke yake inaweza kupandisha matumizi ya nishati kwa asilimia 10 au zaidi kwa kila nyuzi moja ya joto. Kumlisha mgonjwa huyo kwa kukisia ni hatari pande zote mbili.

Ukiamua kwenda pamoja na yote hayo, uliza kama kifaa chao kinapima oksijeni peke yake au na hewa ukaa pia. Vile vidogo vya kushika mkononi vingi hupima oksijeni tu, na uwiano vinauchukulia kuwa 0.85 kwa kila mtu. Kwa kazi ya kawaida si vibaya, lakini unapoteza ule mstari wa RQ ambao ndio unaotuambia kama mtu amefunga kweli.

SWALI: Mdogo wangu mshauri, nina miaka 52. Natumia dawa ya tezi ya thairoidi, na daktari alinibadilishia kipimo cha dawa wiki mbili zilizopita. Watu wananiambia baada ya miaka 40 umetaboli hufa, hakuna haja hata ya kujisumbua. Nimeandikishwa kupimwa mwezi huu. Niende?
Mama wa wanne

JIBU: Shikamoo dada. Waambie hao watu hapana. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya zaidi ya watu 6,400 kutoka nchi 29, tangu watoto wa siku nane hadi wazee wa miaka 95. Ukishazingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, matumizi ya nishati hukaa palepale kuanzia miaka 20 hadi 60. Baada ya 60 ndipo huanza kushuka, chini ya asilimia moja kwa mwaka. Tunachokiona kwenye miaka ya arobaini na hamsini mara nyingi ni misuli iliyopungua na miguu inayotembea kidogo kuliko zamani, na hayo yote mawili yanarudishika.

Kuhusu tezi, ni vizuri umeuliza. Tezi hii na kipimo hiki ni jamaa wa siku nyingi: Adolf Magnus-Levy alionyesha mwaka 1895 kwamba tezi ikizidisha kazi mwili hutumia oksijeni zaidi, na kwa miongo mingi, kabla ya vipimo vya homoni kwenye damu, madaktari waliitambua hali ya tezi kwa kupima pumzi. Ndiyo maana nakuomba uahirishe. Dawa imebadilishwa wiki mbili tu. Mwili bado haujakaa sawa na kipimo kipya, na namba ya mwezi huu haitakuwa namba ya miezi miwili ijayo. Subiri daktari apime damu, kwa kawaida wiki sita hadi nane baada ya mabadiliko, aseme imetulia. Kisha nenda, na dawa ya siku hiyo muulize yeye uimeze saa ngapi.

Usiku wa kuamkia kipimo kula mapema, baada ya hapo maji tu. Mazoezi mazito yaache tangu jana yake. Kahawa na chai zisubiri. Ukifika, omba upumzike nusu saa kabla hawajakufunika, hata kama foleni ni ndefu, na simu iache kwa aliyekusindikiza. Usilale usingizi ndani ya kuba. Ukiona kope zinazidi, waambie wakuzungumzishe kabla hawajaanza tena kuhesabu. Na uvae soksi, dada. Watu wanaolala bila kujigusa hupata baridi miguuni kabla ya kitu kingine chochote, na mwili ukianza kutetemeka inabidi tuanze upya.